Gunia la Vipuri vya Zamani

"Mimi si mwendawazimu, Afande," Rupal alisema. "Andika hilo kwanza."

Inspekta Docus Akello aliliandika. Katika miaka kumi na minne ya upelelezi alikuwa ameandika mambo ya ajabu kuliko hilo, na kalamu haikuwahi kulalamika. Asubuhi hiyo ya Alhamisi alikuwa amekuja kwenye nyumba ya akina Chimanlal, mjini Jinja, kwa swali moja tu. Alitaka kujua marehemu alisema nini katika simu yake ya mwisho.

Marehemu ni Tejas, mume wa Rupal. Wiki nne zilizopita pikapu yake ndogo ya dizeli ilizimika injini ikiteremka mlima Wanale, juu ya mji wa Mbale. Injini ikizima, breki huwa ngumu kama kukanyaga ukuta, na kona za Wanale hazina huruma. Mkaguzi wa magari wa Mbale alikuta mkanda wa taimingi umekatika, tena mkanda mkuukuu uliochakaa, ilhali wiki moja kabla ya hapo Tejas alikuwa amemwachia gari fundi Kirunda wa mtaa wa Walukuba, Jinja, aweke mkanda mpya na kufunga turbo, kifaa cha kusukuma hewa ili injini ipate nguvu. Turbo nayo haikuwepo. Basi Kirunda alikamatwa, na Jumatatu angesimama mbele ya hakimu kwa shtaka la kuua bila kukusudia. Faili ilibakiza karatasi moja kufungwa, na kilichomkera Akello ni urahisi huo wa kufungika.

"Alipiga saa ngapi?" aliuliza.

"Saa tisa kasoro. Alikuwa anapanda mlima. Akasema, 'Rupal, gari leo haiimbi.' Nikamwuliza maana yake nini. Akasema, 'Imekuwa nzito, nageuza niirudishe gereji.' Basi. Hakupiga tena."

"Haiimbi?"

"Tangu Kirunda aifunge hiyo turbo, gari ilikuwa na mluzi. Mwembamba, unapanda ukikanyaga mafuta. Tejas alikuwa kama mtoto kwa huo mluzi. Asubuhi saa moja akitoka hapa nyuma, mimi niko jikoni, nasikia mpaka anafika barabara kubwa." Rupal alivuta upande wa sari yake nyeupe. Alikuwa amezaliwa Kisumu, na Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kuliko cha Jinja yote. "Na sasa nausikia tena. Kila asubuhi, saa moja ile ile."

Akello aliinua macho.

"Ulianza siku mbili baada ya siku ya kumi na tatu," Rupal aliendelea. "Kwetu siku ya kumi na tatu ndiyo roho hufunga safari. Tumefanya ibada yote, hatukukosea kitu. Wengine huondoka. Huyu wangu ndipo kwanza akaanza kuja. Mara ya kwanza nilishuka mbio mpaka ukuta wa nyuma, nikapanda ndoo kuchungulia. Uchochoro ulikuwa mtupu."

Mamamkwe wake, Mama Kokila, ambaye nyumba nzima humwita Ba, alikuwa ameketi pembeni na kikombe cha chai kilichopoa mbele yake. Masikio yake yalikuwa yameanza kuwa mazito. "Mimi hapana sikia kitu," alisema. "Lakini chai yake naweka. Kama anakuja, akute."

Akello alishukuru, akaaga, akashuka ngazi haraka kuliko heshima ilivyotaka. Alikuwa mtu wa kabila la Lango, kutoka Lira, mlokole, na hakuamini magari ya wafu. Hata hivyo, nywele za shingoni zilikuwa zimemsimama, na alijikasirikia kwa hilo.

*

Kirunda aliletwa chumba cha mahojiano akiwa amekonda. Alikuwa Msoga wa makamo mwenye vidole vifupi vilivyojaa makovu ya spana.

"Turbo iko wapi?" Akello aliuliza.

"Kwa gari, afande. Mimi nilifunga na mikono yangu hii. Siku mbili."

"Kwa gari hakuna."

"Basi mtu alitoa."

"Mkaguzi anasema hukufunga. Manifoldi ya moshi ni ile ya zamani, isiyoshika turbo, na mkanda ni ule wa zamani."

"Ule wa zamani gani?" Kirunda aliinuka nusu, akakumbuka pingu, akakaa. "Afande, mkanda wa zamani nilimrudishia mwenye gari. Ilikuwa na ufa, nilimwonyesha. Wewe unajua watu wetu. Unamwambia mteja umeweka mpya, anasema, 'Nionyeshe ya zamani.' Bila hiyo, wewe ni mwizi. Kwa hiyo mimi narudisha yote. Mkanda, manifoldi, hata bolti ya kutu. Naweka kwa gunia, nafunga kamba, mteja anabeba."

Akello hakuhitaji kuelezwa. Chini ya kitanda chake mwenyewe kulikuwa na viatu vya breki vilivyokwisha, ushahidi wa matengenezo ya mwaka juzi, na kila alipofagia alivisukuma na kuvirudisha. Hakuna mwenye gari kutoka Busia hadi Arua ambaye hana kaburi la vyuma la namna hiyo.

"Gunia la Tejas lilikwenda wapi?"

"Nyuma ya pikapu. Alisema anakwenda kuringia watu wa Mbale, waone alikotoka na alipofika."

"Nikiiona turbo yako, nitaijuaje?"

Kirunda alitabasamu kidogo, kwa mara ya kwanza. "Kuna mafundi wanabadilisha spea, afande. Unaacha gari na mpya, unachukua gari na takataka. Ndiyo sababu kila kitu nafunga naweka alama. Turbo, napiga nukta tatu na panchi, ile msumari ya chuma, chini ya mdomo wa moshi, mahali jicho ya mtu haifiki. Mkanda napaka mistari ya rangi ya kucha, nyekundu. Ya mke wangu, Proscovia. Analalamika kila siku inaisha." Tabasamu lilizimika. "Yule Muhindi alikuwa rafiki yangu. Usiku nasikia huo mkanda unakatika. Nasikia tu, pap! Halafu najiuliza, kweli nilifunga? Wamesema sana, sasa hata mimi sijui."

Hilo la mwisho Akello hakuliandika. Lilimuuma, na halikuwa ushahidi.

*

Saa nane mchana alikuwa Mbale, kwenye ua wa polisi, mbele ya kilichobaki cha pikapu. Upande wa dereva ulikuwa umeminywa mpaka katikati ya kiti. Boneti ilikuwa imeng'olewa na kuegemezwa ukutani. Koplo Trevor, mkaguzi wa magari, alisimama na ripoti yake mkononi kama mtu anayelinda mtihani alioupasi.

"Nimeandika kila kitu, afande. Hakuna turbo. Fundi alikula."

Akello aliinama. Hakuwa fundi, ila alikuwa na subira, na alifuata kila bomba kwa kidole tangu linapoanza hadi linapoishia. Kidole kilifika kwenye kibomba chembamba cha shaba, kipya, kilichotoka ubavuni mwa injini na kuishia hewani. Mwisho wake ulikuwa umefungwa kwa bolti iliyozungushiwa utepe mweupe.

"Hiki kinapeleka nini?"

Trevor alichungulia. "Oili."

"Inakwenda wapi?"

"Kwa turbo, kawaida."

"Turbo ambayo haikufungwa."

Trevor alipekua kurasa za ripoti yake. Kisha akasema, "Labda waliiiba hapa uani. Watu wa hapa ni wezi, afande, hata sisi tunalala tumekumbatia redio."

"Mwizi wa gari bovu anakata na kukimbia. Hazibi oili isivuje, wala hafungi manifoldi ya zamani pahali pake." Akello alipapasa bolti ile. Ilikuwa imekazwa vizuri, utepe umekatwa sawasawa kwa wembe. "Aliyeziba hapa alitaka injini iwake na itembee. Kwa hiyo aliziba kabla ya ajali. Turbo ilifungwa, ikatolewa, ndipo Tejas akapanda mlima."

"Na manifoldi ya zamani aliitoa wapi?"

"Soma orodha ya vitu vilivyokutwa ndani."

Trevor alisoma. Simu moja, miwani, kitabu cha risiti, chupa ya maji, gunia moja tupu lenye harufu ya oili.

"Gunia lilikuwa wapi?"

"Nyuma ya kiti. Limekunjwa."

"Limekunjwa vipi?"

"Vizuri tu. Mara nne."

Akello alisimama wima. Pikapu imebiringika mita arobaini, na gunia limekunjwa mara nne. Wiki iliyotangulia ajali gunia hilo lilikuwa limejaa: mkanda wenye ufa, manifoldi, bolti za kutu. Alipiga simu Jinja. Je, Tejas alilimwaga gunia nyumbani? Hapana, Rupal alijibu. Alikwenda nalo Mbale, Ba alimgombeza kwa uchafu huo naye akamcheka.

Basi vile vyuma havikupotea. Vilikuwa hapa hapa, mbele ya macho ya Akello, vimefungwa ndani ya injini. Tejas alibeba uthibitisho wa uaminifu wa fundi wake, na mtu mwingine akaukuta na kuona amerahisishiwa kazi. Kila kipuri cha kurudishia kilikuwemo, kimoja kimoja, tena kinachotoshea barabara, kwa kuwa kilitoka kwenye injini ile ile. Akello alikuwa amesimama mbele ya magari mengi yaliyoua watu, lakini hili liliuawa na mabaki yake lenyewe.

"Ripoti yangu," Trevor alisema polepole, "imemweka mtu ndani."

"Ndiyo," Akello alijibu. "Utaandika nyingine."

Gereji ambayo, kwa maelezo ya Rupal, Tejas aliiachia gari lake siku mbili kabla ya ajali, wakati akizungukia wateja wa Mbale, ilikuwa ya fundi aitwaye Nasif. Wana wote wawili wa Chimanlal walimpelekea kazi walipokuwa huku. Akello alimkuta anaosha mikono kwa dizeli, mtu safi, mpole, kofia yake nyeupe haina doa. Spana zilipangwa kwa ukubwa. Rafuni, magunia matupu yalikuwa yamekunjwa mara nne nne.

"Gari ya marehemu ulifanya nini?"

"Nilibadilisha oili, nikapaka grisi, basi. Alikuja kuichukua mwenyewe saa nane. Mungu amrehemu."

"Turbo yake?"

"Ile gari haikuwa na turbo, afande."

"Ilipoingia hapa hukusikia mluzi?"

Nasif alitazama barabarani, ambako malori yalikuwa yananguruma. "Hapa unasikia nini?"

"Gunia nyuma ya pikapu?"

"Sikuangalia mizigo ya mtu."

Walipekua. Trevor alipekua kwa hasira ya mtu aliyejiaibisha, akatoa mpaka tairi za baiskeli. Hapakuwa na turbo wala mkanda wenye mistari myekundu. Nasif aliwasaidia kunyanyua vitu vizito, kisha akavirudisha kila kimoja mahali pake. Akello aliondoka Mbale akiwa na hakika moyoni na mikono mitupu. Magunia yaliyokunjwa si kitu cha kumwekea hakimu mezani, na Jumatatu ilikuwa inakuja.

Safari ya kurudi alikaa kando ya dereva wa polisi. Turbo haitolewi ili itazamwe, aliwaza. Huyu aliiondoa kwa kuwa kuna injini iliyokuwa ikiingoja. Na turbo iliyofungwa kwenye injini haiwezi kunyamaza. Walikuwa wamepita Iganga alipoelewa alichokuwa akijiambia. Katika faili nzima, shahidi pekee aliyesema turbo ile ingali inafanya kazi ni mjane ambaye hakuna aliyemwamini, yeye Akello akiwa wa kwanza.

*

Ijumaa saa moja kasorobo asubuhi alikuwa amesimama kwenye dirisha la jikoni la akina Chimanlal. Rupal alikuwa kando yake. Ba aliweka kikombe cha chai mezani, akatoka.

"Kama hautapita leo?" Akello aliuliza.

"Utapita."

Walingoja. Akello aliogopa, na hakuwa na wa kumlaumu. Sauti ya mwadhini ilikuwa imekwisha, bodaboda wawili walipita, kisha uchochoro ukatulia.

Ndipo ukaja. Mwanzoni ni ngurumo ya dizeli tu, halafu juu yake mluzi mwembamba, ukipanda taratibu nyuma ya ukuta mrefu, ukapita chini yao. Rupal alishika ukingo wa sinki kwa mikono miwili. "Anaondoka," alisema kwa sauti ya chini kabisa. "Kila siku ananiondokea upya."

Akello alikuwa ameshafika mlangoni. Alishuka ngazi mbili mbili, akafungua komeo la lango la nyuma, akatoka. Uchochoro ulikuwa mtupu, kama ulivyokuwa mtupu kwa Rupal, vumbi jembamba tu likining'inia. Ila hakusimama hapo. Alikimbia na viatu vyake vya ofisi kuifuata sauti, akakata kona, akakata ya pili, na pale mluzi ukakoma ghafla, kwenye mlango ulio wazi wa ghala la Chimanlal.

Ndani ilisimama pikapu ndogo ya dizeli. Akello aliijua. Ndugu wawili walinunua pikapu mbili pacha kutoka meli moja, na hii ya pili ilikuwa ya Sanjay, mdogo wake Tejas, ambaye kwa mkono wake mwenyewe alimleta Kirunda kituoni.

Sanjay alikuwa anateremka na funguo za ghala. "Afande? Kuna habari ya kesi?"

"Fungua boneti."

"Kuna nini?"

"Fungua, bwana."

Alifungua. Joto liliwapiga usoni. Turbo ilikuwa imeketi ubavuni mwa injini, imeunganishwa na kibomba chake cha oili.

"Hii uliifunga lini?"

"Wiki mbili sasa. Baada ya siku ya kumi na tatu nilikwenda Mbale kutia sahihi karatasi za polisi. Nasif akasema ile turbo yangu imefika." Sanjay alisita. "Nyumbani sikusema. Kaka amekufa, na mimi napendezesha gari? Niliona aibu. Kwa nini?"

Akello alichomoa kijioo cha poda kutoka mkobani, akawasha tochi ya simu, akaupitisha mkono chini ya mdomo wa moshi mpaka joto likamchoma kifundo. Kwenye kioo zilitokea nukta tatu, zimepigwa kwa panchi, zimekaa safu moja. Alimwomba Sanjay spana, akalegeza kifuniko cha plastiki cha mbele na kukivuta kidogo. Mkanda ulikuwa mpya. Mistari ya rangi ya kucha ilikuwa ingali inang'aa.

"Mkanda pia alikubadilishia?"

"Alisema nao ni mpya, nisikose." Sanjay alitazama mistari, akamtazama Akello. "Hii rangi ni ya Kirunda. Tejas alinionyesha. Alifungua akanionyesha, hapa hapa ghalani, tukamcheka Kirunda na..."

Hakumaliza. Alirudi nyuma hatua moja, halafu nyingine, mpaka akagota kwenye magunia ya saruji, akakaa. "Nasif alinipa pole," alisema. "Alikuwa analala chini ya gari langu, ananifungia, huku ananipa pole."

Akello alipiga simu Mbale. Alimwambia Trevor aende na askari wawili kwa Nasif, wasimpe nafasi ya kunawa mikono. Kisha alivuta kreti, akakaa mbele ya Sanjay, akafungua karatasi mpya ya maelezo. Alimhurumia sana, na alijua angemwumiza zaidi.

"Ulimwagiza lini Nasif?"

"Wiki ile ile Kirunda alipomaliza gari la Tejas. Tulipanda pamoja mpaka Buwenge, nikaona inavyovuta. Siku ya pili nikampigia Nasif."

"Ulimwambiaje? Nataka maneno yenyewe."

"Lazima yaandikwe?"

"Yatasomwa Jumatatu mahakamani, kwa sauti. Ndiyo yatakayomtoa Kirunda."

Kivuli kilianguka mlangoni. Rupal alikuwa amefika, peku, upande wa sari umejaa vumbi la uchochoro. Hakuwa amevuka lango tangu siku ya msiba. Alikuwa akiitazama ile boneti iliyo wazi.

"Sema, bhai," alimwambia shemeji yake, akimwita ndugu kwa lugha ya kwao. "Sema yote."

Sanjay alifunika uso, akaufunua. "Nilimwambia sitaki ya kuagiza Japani, wanachelewesha. Nilimwambia, nitafutie kama ile ya kaka yangu. Hata kama imetumika."

Akello aliandika, neno kwa neno, bila kuharakisha.

"Na ilipofika haraka hivyo," aliuliza, "ulimwuliza imetoka wapi?"

Sanjay alimtazama Rupal, si Akello.

"Hapana," alisema, na Akello akaliandika hilo nalo.